Watamu: Utamu wake uko chini ya maji

UKIMTAJIA mkazi wa Nairobi jina la Watamu, picha inayomjia upesi ni ile ya kalenda: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, na mgeni kutoka Ulaya aliyelala kifudifudi akiota jua. Hata mimi nilikuwa na picha hiyo hiyo. Nilikuwa nimefika Watamu mara mbili kikazi, nikala samaki wa kupaka, nikatembea ufuoni jioni, nikarudi zangu nikidhani mji huo nimeumaliza. Kumbe sikuwa nimeuona hata robo yake.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu, binti wa miaka 12. Dada yangu alinikabidhi mtoto huyo wakati wa likizo ya Desemba 2024 nimpeleke pwani. "Kamwonyeshe bahari kabla haijaisha," alinitania akitufungia chapati za safari. Tulicheka sote. Sikujua kwamba ningelikumbuka neno hilo siku chache baadaye, nikiwa nimekaa kwenye mashua na bila hamu yoyote ya kucheka.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa tulisafiri kwa treni ile ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Mombasa tukapanda matatu ya Malindi. Njia hii ya kaskazini ni ya kupendeza kwa mtu asiyelala garini. Utapita Mtwapa, kisha mashamba ya mkonge ya Vipingo yaliyopangwa mistari kama daftari, halafu utavuka daraja refu la Kilifi. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo abiria walilazimika kushuka na kungoja feri. Ukishaiacha Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke unaanza kukufuata upande wa kushoto. Msitu huo wenye zaidi ya kilomita 400 za mraba ni kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha misitu ya asili ya pwani yetu. Kwenye njia panda ya Gede tulishuka, tukamwita mwenye tuktuk, na safari ikawa karibu kwisha.

Mawe yenye maua

Lakini hatukuingia mjini moja kwa moja. Mtu akifika Watamu bila kupitia magofu ya Gede ni sawa na mtu aliyekunywa chai akaacha mahamri.

Gede ulikuwa mji wa Waswahili. Ulianza yapata karne ya 12, ukastawi, kisha ukahamwa mapema katika karne ya 17. Wataalamu hutaja vita na visima kukauka miongoni mwa sababu. Mtafiti James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na humo vikapatikana vyombo vya kauri kutoka China, ishara kwamba watu wa hapa walifanya biashara na walimwengu. Kuna jumba la mfalme, kuna msikiti mkuu, na kuna kaburi moja lenye tarehe iliyochongwa: mwaka wa Kiislamu 802, yaani 1399. Julai 2024 shirika la UNESCO liliutia mji huu katika orodha ya urithi wa dunia.

Haya yote mpwa wangu aliyasikiliza kwa heshima ya mtoto wa shule. Kilichomshtua ni kitu kingine. Aliusogelea ukuta mmoja, akauweka mkono juu yake, akaniita.

"Mjomba, hili jiwe lina maua."

Nikachungulia. Kweli, jiwe lilikuwa na alama ndogo ndogo za duara zenye mistari kama nyota. Mwelekezi wetu akatabasamu. Akatueleza kwamba hayo si maua bali ni matumbawe, na kwamba mji wote huu umejengwa kwa mawe ya mwamba wa bahari. Hata chokaa iliyoshikanisha kuta ilitokana na matumbawe yaliyochomwa motoni.

"Kwa hiyo nyumba zilitoka baharini?" mtoto akauliza.

"Zilitoka baharini, mwanangu," mwelekezi akamjibu. "Na mchanga mtakaoukanyaga kesho pia."

Mchanga na kinywa cha pono

Kesho yake tuliukanyaga. Ufuo wa Watamu umekatwa na maumbile kuwa ghuba kadhaa, na katika ghuba hizo vimesimama visiwa vidogo vya mawe vilivyoliwa na mawimbi chini hadi vikafanana na uyoga. Maji yakipwa unaweza kutembea hadi kwenye baadhi yake kwa miguu. Maji yakijaa unaviona vikielea kwa mbali. Vijana wa ufuoni watakusalimu kwa Kiswahili, wakikuona hujibu watajaribu Kiingereza, halafu Kiitaliano. Waitalia wamekuja na kuhamia hapa kwa miaka mingi, na si ajabu kumsikia muuza vinyago akipatana bei katika lugha ya Roma kana kwamba alizaliwa huko.

Lakini turudi kwenye mchanga. Sehemu ya mchanga huo mweupe unaosifiwa katika kila kijitabu cha watalii imetoka tumboni mwa samaki. Pono, samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, hutafuna mwamba ili apate mimea midogo inayoota juu yake. Mawe husagika ndani yake na kutoka kama unga mweupe. Pono mmoja mkubwa hutoa kilo nyingi za mchanga kwa mwaka. Juu ya hayo, mwamba wenyewe husimama mbele ya mji kama boma na kuvunja mawimbi makali ya bahari kuu kabla hayajafika ufuoni. Ndiyo maana maji ya ndani ni matulivu, na ndiyo maana hoteli zilijengwa hapa.

Usione vyaelea, wahenga walisema, vimeundwa. Kila kinachouzwa Watamu juu ya ardhi kimeundwa na kitu kilicho chini ya maji. Nilikuwa nimekuja hapa mara mbili na sikuwahi kukitazama.

Swali la kwenye mashua

Siku ya tatu tulilipa ada ya kuingia katika hifadhi ya bahari, tukapanda mashua yenye kioo sakafuni. Hifadhi ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, nazo zilikuwa za kwanza za aina yake nchini Kenya. Ni eneo la kilomita 10 hivi za mraba, na ndani yake uvuvi wa aina yoyote umepigwa marufuku. Anayesimamia leo ni Shirika la Wanyamapori, KWS, kama anavyosimamia simba na ndovu.

Nahodha alizima injini juu ya matumbawe. Sisi abiria, wote Wakenya, tukainama juu ya kile kioo kilichokwaruzika na kuanza kuwahesabu samaki kama watu wanaotazama televisheni mbovu. Hatua chache kutoka kwetu, kundi la wageni lilikuwa majini. Wengine walikuwa na miwani na mirija ya kupumulia, wengine walibeba mitungi ya hewa mgongoni. Walizama, wakaibuka wakicheka, wakazama tena.

Mpwa wangu aliwatazama kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti iliyosikika mashua nzima:

"Mjomba, mbona sisi wote tuko juu na wao wote wako ndani? Kwani bahari si yetu?"

Hakuna aliyejibu. Baba mmoja alijifanya anarekebisha kofia. Mimi nilitazama upeo wa macho. Aliyetuokoa ni nahodha, mzee wa makamo mwenye kikoi na shati la mikono mirefu.

"Swali hilo, binti yangu, mimi nimeliuliza miaka mingi," alisema.

Akatueleza habari zake. Baba yake alikuwa mvuvi, na mahali tulipotia nanga ndipo palipokuwa pake pa kuweka madema. Hifadhi ilipokuja, akaambiwa hapa hapavuliwi tena. "Marehemu baba alikufa na kinyongo hicho," nahodha alisema, "na simlaumu. Lakini mimi nimesomesha watoto wanne kwa kuwaleta watu kuwatazama samaki ambao baba angewavua. Kinachonisikitisha ni kimoja tu. Watoto wa hapa Watamu wanajua kuogelea kama samaki wenyewe, lakini wengi hawajawahi kuvaa miwani wakafumbua macho chini ya maji. Miwani hawana. Na nyinyi wa bara mnaoweza kuinunua, mnaogopa."

Neno la mwisho alilisema akinitazama mimi.

Naam, naogopa

Acha niseme kweli. Mimi ni mtu wa bara. Kwetu maji yalikuwa ya kuteka kwa ndoo. Nilipokuwa darasa la tano, mwenzetu mmoja alizama katika machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua. Nakumbuka nguo zake za shule zilivyokunjwa vizuri ukingoni. Tangu siku hiyo wazazi walitukataza kukaribia maji, nasi tukatii. Hivyo ndivyo watoto wengi wa bara walivyolelewa: hatukufundishwa kuogelea, tulifundishwa kuogopa. Ukubwani nilijikaza nikajifunza kuogelea kidogo katika bwawa, mahali ambapo miguu inafika chini.

Lakini mpwa wangu alishashikilia. Jioni hiyo tulifika katika kituo kimoja cha kuzamia kuuliza. Wakatuambia kwamba mtoto wa miaka 10 kwenda juu anaruhusiwa kujaribu, mradi mzazi au mlezi atie sahihi, na kwamba anayejaribu kwa mara ya kwanza huzamia na mwalimu kando yake katika kina kisichozidi mita 12. Nilitia sahihi karatasi ya mtoto. Kisha nikaona haya kuiacha yangu tupu. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Watamu. Alianza kazi akiosha vifaa, kisha akabeba mitungi, mwisho akasomea na kufuzu. Asubuhi nzima alitufundisha katika bwawa la kuogelea, na mafunzo yake ni mepesi kuyaeleza. Ndani ya mtungi mna hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, wala si oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani. Kila unaposhuka mita 10, uzito wa maji huongeza kanieneo kwa kiasi kile kile kinachotukandamiza hapa juu. Ndiyo sababu masikio huuma, na unapaswa kuziba pua na kupuliza polepole kabla maumivu hayajaanza. Unapopanda, hewa iliyo mapafuni hutanuka. Kwa hiyo amri kuu ya mzamiaji ni hii: usizuie pumzi hata mara moja, na usipande kwa pupa.

"Watu hudhani kuzamia ni ushujaa," mwalimu alituambia. "Shujaa simtaki kwenye maji yangu. Namtaka mtu mtulivu."

Mita sita

Tulishuka pembezoni mwa mwamba, mita sita tu, urefu wa nyumba ya ghorofa moja. Dakika ya kwanza sikuona kitu kwa sababu nilikuwa nikisikiliza moyo wangu. Niliwaza yale machimbo. Mwalimu alinishika mkono, akanionyesha kwa vidole: vuta pumzi, toa pumzi. Nikavuta, nikatoa. Mapovu yakapanda. Nikavuta tena, na hewa ikaja. Nikaanza kuamini.

Ndipo nilipotazama. Kile nilichokiona juu ya kioo cha mashua kama madoa kilikuwa mtaa mzima wenye shughuli zake. Samaki wa manjano wenye milia myeusi walipita wawili wawili. Taa mwenye madoa ya samawati alikuwa amejifunika mchanga akibakiza macho. Mkunga alitoa kichwa shimoni, akafungua na kufunga kinywa kama mzee asiye na meno. Chewa mnene alikaa chini ya jabali bila kuhangaika, kwa maana anajua hapa hakuna ndoana. Na sauti! Hakuna aliyeniambia kwamba chini ya maji kuna sauti. Tulisikia kru, kru, kru, kama watu wanaotafuna mahindi makavu. Walikuwa ni pono wakiutafuna mwamba, wakiutengeneza ule mchanga wetu.

Mpwa wangu alinigusa bega. Chini yetu kidogo alikuwa akipita ng'amba, yule kasa mwenye mdomo kama wa ndege, akipiga mapezi yake polepole bila haraka na mtu yeyote. Alituangalia kwa jicho moja, akaendelea na njia yake. Nilimtazama mtoto. Nyuma ya miwani macho yake yalikuwa makubwa kama sahani.

Sikuwaza machimbo tena.

Kasa wana kinga, joto halina

Kasa na ng'amba hutaga katika fuo hizi usiku. Jike huchimba shimo, hutaga mayai mia moja hivi, hulifukia na kurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi watoto huibuka na kukimbilia maji. Shirika la Local Ocean Conservation, ambalo kazi yake hapa Watamu ilianza mwaka 1997, hulinda mashimo hayo na huwatibu kasa waliojeruhiwa na nyavu au waliomeza plastiki. Mvuvi aliyenasa kasa kwa bahati mbaya nje ya hifadhi huwapigia simu, na hupewa kiasi kidogo cha fedha cha kufidia usumbufu. Kasa hupimwa, hupewa namba, huachiliwa. Mpango huu umefaulu kwa sababu unamhesabu mvuvi kuwa mtu, si adui.

Lakini kuna adui asiyepigiwa simu. Tulipopanda kwenye mashua, mpwa wangu aliuliza kwa nini mahali pengine matumbawe yalikuwa meupe au yamefunikwa na utando wa kijani. Mwalimu akavua miwani, akajibu taratibu.

Tumbawe ni mnyama. Ni wanyama wadogo mno, maelfu kwa maelfu, wanaoishi pamoja na kujijengea nyumba ya mawe. Ndani ya miili yao mnaishi mimea midogo inayowapa chakula na rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, mimea hiyo hufukuzwa, tumbawe hubaki jeupe, na joto lisipopungua hufa kwa njaa. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilikufa kwa namna hiyo. Joto hilo lilirudi mwaka 2016, na likarudi tena mwaka 2024. Penye samaki wengi mwamba hupata nafuu mapema zaidi, kwa sababu samaki kama pono hula ule utando na kuacha nafasi kwa matumbawe machanga. Hiyo ndiyo faida ya kutovua ndani ya hifadhi. Hata hivyo KWS inaweza kumkamata mvuvi haramu, joto haiwezi kulikamata.

Hapo ndipo nilipolikumbuka neno la dada yangu.

Ukitaka kwenda

Msimu mzuri wa kuzamia ni kuanzia Oktoba hadi Machi, maji yanapokuwa safi. Kusi ikivuma, hasa kati ya Mei na Julai, bahari huchafuka na vituo vingi hufunga. Nyangumi wanaosafiri kutoka kusini hupita nje ya mwamba kati ya Julai na Oktoba.

Kama kuzamia kwa mtungi ni ghali kwako, na kwa familia nyingi ni ghali, usivunjike moyo. Miwani na mrija wa kupumulia vinakodishwa kwa bei nafuu, na maji yakiwa yamepwa kiasi utaona karibu yote tuliyoyaona. Mwulize nahodha saa za maji kupwa na kujaa kabla ya kupanga siku yako, na kila mtoto avae jaketi la kumwelesha.

Usiguse matumbawe wala kusimama juu yake. Unayemkanyaga ni mnyama. Usiwape samaki mkate. Usiokote kombe wala kiti cha pweza, na ukiuziwa ufuoni, kataa. Mwenye mafua asizamie, na mwenye pumu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza. Na jambo ambalo watu wa Nairobi husahau: aliyezamia kwa mtungi asipande ndege siku hiyo hiyo. Hata basi la usiku si salama, kwa kuwa mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Acha siku nzima ipite. Itumie kwenda Mida, ukatembee kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko na kuwatazama ndege waliokuja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi.

Siku ya kurudi tulipishana na mabasi mawili ya shule pale Gede. Najua watakachofanya watoto wale, kwa sababu hata sisi tulikifanya: watazunguka magofu, watapelekwa ufuoni, watakunja suruali hadi magotini, watapigwa picha, watarudi. Ombi langu kwa walimu na wazazi ni dogo. Katika pesa za safari ijayo, tengeni za kukodi miwani kumi, watoto wapokezane. Dakika tano kwa kila mtoto zinatosha.

Dada yangu alitupokea stesheni jioni. "Haya, umeiona bahari?" alimwuliza bintiye akimpokea begi.

"Nimeiona, mama," alijibu. "Nimeiona kwa ndani."